Mdakaji Aliyekataa Kuita

Kazi ya kuchagua timu ya nyota iliniangukia kwa sababu nilichelewa kikao. Ndivyo tulivyo sisi wageni wa Jeddah: ukichelewa, unakuta umeshapewa cheo. Ligi yetu ya wasichana ya softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu na kuudaka, ilikuwa na timu nne, watoto wa Waarabu, Wahindi, Wafilipino na sisi Waswahili wachache, wakicheza kila Ijumaa baada ya alasiri katika kiwanja kilichomo ndani ya makazi yenye ukuta, upande wa Aziziya. Msimu ukiisha unawateua walio bora katika timu zote, unawafanya timu moja, unawapeleka Riyadh wakacheze na nyota wa huko. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Mombasa. Softboli niliijulia Jeddah, ukubwani, na hadi leo ukinipa rungu nitawachekesha watoto.

Wazazi walinisumbua, maana kila mama ana bingwa nyumbani kwake. Hao nilishawasahau. Nisiyemsahau ni msichana mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa akisimama nyuma kabisa ya kiwanja, kudaka mipira ya juu.

Sisi tulioitwa makocha tulikuwa na sharti moja: mdakaji lazima aite. Mpira ukiwa hewani, wawili watatu wanaukimbilia macho juu, na asipokuwepo wa kupaza sauti kwamba ni wangu, watagongana na meno yataokotwa majanini. Kila mtoto aliita kwa lugha yake. Huyu alikuwa haiti, kwa kuwa mamake ndiye aliyemwitia. Mama yule aliketi safu ya juu ya benchi za chuma, pembeni kabisa, na mpira ukipaa tu unamsikia: "Wako huo, mwanangu." Alikuwa na sauti nene, yenye mkwaruzo kidogo, na haikumbidi kupiga kelele ili isikike.

Alifariki mwezi wa Shaabani, ghafla, akazikwa Jeddah siku ileile. Wanawake huko hatufuati jeneza, na makaburi yenyewe hayaandikwi majina. Mtoto aliachwa nyumbani na sisi kina mama, akaona mamake anatolewa mlangoni, halas, basi. Hakujua amelazwa wapi. Mahali pa mamake alipopajua ni pale juu kwenye benchi.

Baada ya msiba alirudi kucheza, kimya kabisa, na akawa hakosi mpira hata mmoja. Mwanzo nilifurahi. Kisha nikamtazama vizuri: alikuwa akianza kukimbia kabla rungu halijagusa mpira. Anageuza kichwa kuelekea ile benchi tupu, anaitikia kwa kichwa, anakwenda, na mpira unakuja pale alipo.

Mimi si mtu wa kutishika ovyo. Kwetu Mombasa habari za majini tumesimuliwa kabla hatujaota meno. Ijumaa moja nikasema upuuzi huu utaisha leo, nikapanda, nikaketi palepale pembeni. Benchi zote zilikuwa zimeshinda juani, chuma kinaunguza hadi ndani ya abaya, ila pale nilipokaa palikuwa baridi. Mpira ukapaa. Mtoto akageuza kichwa, akaniona mimi, na hakusogea. Ukaanguka karibu na miguu yake. Nikashuka bila kuambiwa, nikajibanza chini pamoja na wenzangu, nikajitia natafuta miwani. Mpira uliofuata aliudaka.

Siku ya uteuzi makocha wenzangu wawili walimkataa. Walisema mtoto asiyeita atamvunja mwenzake, na kwa hakika hawakukosea. Basi nilipotoka, nikamkuta babake akinisubiri kwenye maegesho. Alikuwa mhandisi, mpole, wa kuongea akitazama viatu vyake. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na ikama, kile kibali cha kuishi huko, ilikuwa mbioni kufa.

"Mwalimu, nakuomba umchukue Riyadh," aliniambia. "Tiketi za Unguja nimeshakata. Mtoto anasema hatoki Jeddah, kwamba mamake atabaki peke yake. Nataka nijue kama anaweza kusimama mahali ambapo mamake hayupo, japo siku moja. Akishindwa, sijui huku nitamtoaje."

"Na wewe, kaka, unaamini kwamba yupo pale?" nikamuuliza.

Alitupa jicho kwenye benchi, akasema nimsalimie mume wangu, akaondoka. Nami nikarudi ndani nikagombana na makocha hadi wakachoka na mimi, wakamwingiza mtoto ili wakale.

Riyadh tulikuta vumbi. Hewa yote ilikuwa ya manjano, jua limefifia katikati yake, na watu wanaongea kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini. Kiwanja cha wenyeji hakikuwa na benchi upande ule wa nyuma, ni ukuta mtupu tu. Mtoto nilimwona kwa shida. Mpira wa kwanza ukaenda kwake. Akageuza kichwa kuelekea ukutani, akangoja, na ukaanguka. Wa pili vilevile. Kocha mwenzangu akaniambia nimtoe, nami nikamwambia aniache. Moyoni nilikuwa na hasira na marehemu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikimuuliza: umemdekeza hivi, sasa uko wapi?

Wa tatu ulipanda ukamezwa na vumbi. Wasichana watatu, yeye mmojawapo, wakaukimbilia, vichwa juu, hakuna anayeona kitu, kila mmoja anamwelekea mwenzake. Nikafumba macho. Ndipo nikaisikia sauti ikiita: "Wangu huo. Rudini nyuma."

Ilikuwa nene, yenye mkwaruzo kidogo. Nilipofumbua macho nilitazama ukutani kwanza kabla ya kumtazama mtoto, na ukutani hakukuwa na mtu. Wale wawili walikuwa wamesimama wima kama walioshikwa mabega. Yeye alitoka vumbini akitembea, mpira ameukumbatia kifuani.

Tulifungwa, na vibaya. Ndani ya ndege nilikaa naye makusudi, nikamuuliza nani aliyeita kule nyuma. "Si mimi, Mwalimu?" akasema, kwa ile sauti yake nyembamba ninayoijua, akaomba karanga zangu, akazila zote. Nilicheka, lakini niliogopa, wala sioni haya kusema.

Siku ya safari yao niliwasindikiza uwanja wa ndege. Nilijiandaa kwa vilio, nimebeba na peremende, mtu mzima mimi. Mtoto hakulia. Alibusu mkono wangu, akapita pale wanapokagua pasi, akasimama ng'ambo kumngoja babake.

Babake ndiye aliyegoma. Alifika mbele ya afisa, pasi mkononi, akageuka kutazama milango ya vioo tuliyoingilia, na miguu ikakataa. Watu wakawa wanampita. Afisa akamwambia yalla, songa, mara mbili, naye yuko palepale.

"Nenda, kaka," nikamwambia.

"Namwachaje, Mwalimu?" akasema. "Nimwache huku, na hata kaburi lake siwezi kumwonyesha mtu?"

Sote tulikuwa tumeshughulika na mtoto, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Nikaanza kulia mimi niliyekwenda kuwabembeleza wengine.

Ndipo ile sauti nene ikaita kutoka ng'ambo, bila kupiga kelele, na ukumbi mzima ukaisikia.

"Bwana wee, twende. Watatuacha."

Mtoto alikuwa amesimama peke yake pale, anatutazama. Babake akafuta uso kwa kiganja. "Nakuja," akaitikia, polepole, kwa namna mume anavyomwitikia mkewe akiwa chumba cha pili. Akampa afisa pasi, akapita. Nami nilimtazama akienda, nikaona macho yake hayakuwa kwa mtoto. Yalikuwa juu ya kichwa cha mtoto, pale ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa.