Muuru Juu ya Chumba cha Mama

Yule mtu wa msumeno aliutazama mti wetu kabla hajatusalimu. Niliona, nikaweka moyoni. Labda nilimwonea. Mtu wa kazi hutazama kazi yake kwanza, hata fundi wa viatu hukuangalia miguu kabla ya uso. Lakini siku ile sikuwaza hivyo. Niliwaza kwamba huyu amefuata mbao.

Mti wenyewe ni muuru, ule ambao mbao zake hutengeneza milango na vitanda vya watu wenye uwezo. Umesimama nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, hapa karibu na Muthara, na tawi lake moja nene lilipita juu ya bati la chumba anacholala. Mama aliolewa akaukuta. Bwanangu anafanya kazi Embu mjini na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo ya boma tunayaamua mama na mimi. Yaani mimi nasema, mama anakataa.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na upepo wa kuleta mvua ulikuwa umefika. Yule mtu alikuwa ametoka kukata kwa jirani yetu. Akauzunguka muuru, akagonga shina kwa mgongo wa panga, akatega sikio kama daktari. Halafu akamgeukia mama, si mimi, kama mjukuu kwa bibi yake.

"Shosho, huu umekwisha ndani. Siku ukichoka utakulalia."

"Tangu mzee afe hakuna amenilalia," mama akasema. "Wacha ujaribu."

Yule mtu alicheka, na mimi nikacheka, lakini hakuacha maneno yake. Alisema dawa ni kuangusha mti wote. Barua ya chifu ya kuruhusu mti ukatwe angeitafuta mwenyewe, na magogo angeyabeba yeye ili tusisumbuke na uchafu. Hapo ndipo masikio yangu yalisimama. Sijawahi kuona mtu akikubebea uchafu wako kwa huruma na lori liko tayari barabarani.

Lazima nieleze jambo la watu wa huku, kwa sababu bila hilo nitaonekana nina moyo mbaya tu. Sisi tumezoea miti inayopenda panga. Mukima, ule ambao wengine huita grivilea, tunaupanda mpakani na kuunyoa matawi yote kwa ajili ya kuni, na unachipuka tena kama hakuna kitu. Miraa kule Laare, ukiichuma ndiyo inazidi. Kwa hiyo mtu anakua akijua kwamba mti ni kama nywele. Akiwa na avokado, anainyoa. Akiwa na muringa wa kivuli uani, anaunyoa pia.

Jirani yetu mwingine, mwalimu aliyestaafu, alifanya hivyo kwa avokado yake miaka iliyopita. Ilikatwa kichwa ikabaki nguzo. Ilipochipua vijiti vingi kama ufagio, sote tulisifu, hata mimi nilisifu. Lakini vile vijiti vilikuwa vimeshika kwenye ganda tu. Vilipokuwa vinene, upepo ukavibandua pamoja na ganda, kimoja kikaangukia zizi la ng'ombe. Maji yakaingia pale kwenye vidonda, na sasa unaweza kuingiza kidole ndani ya shina. Mwalimu hamlaumu aliyekata. Anasema mti ulikuwa na ugonjwa wake. Huenda. Mimi sikuuona ndani kabla haujakatwa, na niliishia darasa la nane, yeye amefundisha watoto wa watu.

Nilimpigia bwanangu simu. Akasema ukatwe, yaishe. Nilipoanza kumweleza habari ya mbao na lori, alininyamazisha kwa neno moja.

"Lakini wewe unalala upande mwingine," akasema.

Hilo liliniuma kwa sababu ni kweli. Nyumba yetu iko ng'ambo ya uwanja. Nikisema mti ubaki, atakayeumia kwa ujuaji wangu si mimi, ni mama. Na mama mwenyewe alikuwa amekataa kuhama chumba, akisema hawezi kufukuzwa na mti aliokuta.

Nikaenda ofisi ya misitu. Waliniahidi mtu, na mtu akaja, mwanamke mwenye gambuti safi sana. Naye sikumwamini. Nilijiuliza ni shamba gani anatembea lisilo na matope. Ila nitakuwa mkweli: aliinama kuliko yule wa kwanza. Alitazama kwenye mizizi aone kama udongo umepasuka upande mmoja, akatafuta uyoga chini ya shina, akasimama mbali akatazama majani ya juu. Mwishoni akasema mti uko hai na umeshika vizuri. Kilichokufa ni lile tawi lililo juu ya bati, nalo litoke upesi.

Akanieleza linavyotolewa. Linaanza kukatwa kidogo kwa chini, ndipo kwa juu, ili likianguka lisivue shina ganda. Lisiachwe kisiki kama kigingi, na lisikatwe kwa kuingia kwenye shina. Unakata pale nje kidogo ya shingo ya tawi, ile sehemu iliyovimba. Vipande vinashushwa kwa kamba. Anayepanda mti ulio hai kwa viatu vya misumari, mfukuze. Na neno moja alilolisema ndilo nimewarudia wanawake wenzangu kanisani mpaka wamenichoka: usimuulize mkataji atamaliza lini, muulize mti aliokata mwaka juzi uko wapi, na uende uuone.

"Na kama umekosea?" nikamuuliza.

"Naweza kukosea," akasema. "Mti hausemi, mama. Mimi nasoma alama."

Ningependa angeapa. Lakini angeapa, ningemshuku zaidi.

Basi yule wa msumeno alikuwa na nusu ya ukweli, na haki yake ilikuwa nimpe. Nilimwita tena. Nilimwambia akate lile tawi peke yake, kwa kamba, na magogo yabaki kwetu. Sitaficha kwamba ulikuwa mtego. Akikataa, nitajua ni mbao.

Alilitazama tawi. Akasema kuangusha mti akiwa chini anaweza, lakini kupanda pale juu ya bati, na mashine mkononi, hapana.

"Mimi sijafunzwa na mtu, mama. Nilinunua msumeno, nikaanza."

"Na mbao?"

"Mbao nilizitaka," akasema. "Lakini lile tawi nililiogopa kweli kwa ajili ya shosho."

Nilikuwa nimejitayarishia mwizi, nikapata mtu anayejua kukata kwa namna moja tu, na kila mti anaouona anaukata kwa hiyo namna. Sijui kati ya hao wawili nani ni hatari zaidi kwa mwenye nyumba. Nilimpa chai, akanywa, akaenda.

Baada ya hapo mama alikubali kulala chumba cha mbele, si kwa sababu yangu, ni kwa sababu upepo ulitupa kijiti juu ya bati akiwa anasali. Bwanangu naye akatafuta watu wa kamba huko Embu. Nilimwambia aende kwanza aone kazi yao ya zamani. Alilalamika, akaenda, akanitumia picha ya mti waliowahi kuukata tawi, ulio uani kwa mtu: kidonda kilikuwa kimefunga pande zote kama mdomo. Ndipo nikasema waje.

Walikuja, wakafunga kamba, wakashusha tawi kipande kwa kipande. Bati moja lilipinda. Niliuliza kwa nini limepinda, wakaomba msamaha na kulinyoosha. Ndani ya tawi palikuwa na shimo la kutosha sufuria, limejaa unga mweusi. Kwa hiyo yule wa msumeno hakudanganya kwamba kuna uozo. Alidanganyika ulipo, au alitaka uwe mahali pote. Mpaka leo sijaweza kuamua, na nadhani si kazi yangu kuamua.

Watu wa kamba walipoondoka, mama alitoka akasimama uani. Alitazama kidonda kipya, akatazama muuru uliobaki, ambao bado ni mkubwa kuliko nyumba yake.

"Hawa watu wako wanajua kazi?" akaniuliza.

Nikasema wanajua.

"Na mti hautaanguka?"

Nikasema tumeambiwa hautaanguka.

"Haya. Basi chumba kile ulale wewe kwanza," akasema, "mimi nitaangalia."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Upepo ulipita, muuru ukatikisika kidogo kule juu, nami nikaenda kuchukua blanketi langu.