Kamba ya Gari ya Faida

Marie-Thérèse Faida binti Bruno Lutala, wa hapa Kasongo. Bibi yake Sifa aliambiwa na wazungu wa serikali ang'oe mihogo apande pamba. Alichapwa mbele ya watu, na kesho yake akarudi kulima mihogo shamba lilelile. Baba yake Bruno alibeba kengele ya kanisa kichwani mpaka porini ili wenye bunduki wasiiyeyushe, na amani iliporudi akaileta kichwani vilevile. Faida mwenyewe, wakati wa vita, alipanda maboga kuzunguka gari ya mume wake. Maboga yakapanda juu ya kapo, kile kifuniko cha moteri, yakaingia madirishani, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Askari walipita mara nyingi wakitafuta gari za kuchukua, na hawakuona gari. Waliona maboga, wakachuma, wakaenda zao.

Ninaandika ninayoyajua. Tulikaa benchi moja shuleni kwa masista, na lupango lake na langu, viwanja vyetu, vinatenganishwa na ua wa miti tu.

Gari yenyewe ni Land Rover ya zamani, ile ya mwili wa alumini, ambayo Hippolyte, mume wa Faida, aliinunua kwa mzungu wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Hippolyte aliendesha njia ya Kabambare tangu madaraja yangali na mbao. Alibeba mchele, alibeba mapadri, alibeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa, na wengine walizalia humo ndani. Kisha mbao za madaraja zikaoza, mvua ikala barabara, watu wakahamia kwenye pikipiki. Gari ikaingia chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba, na haikutoka tena.

Watu walimwambia Faida, "Mama Hervé, gari hii imekufa, uza." Yeye akajibu kila mmoja jibu moja: "Barabara ndiyo imekufa. Gari iko muzima."

Na ilikuwa nzima, isipokuwa batri. Batri ya gari inayolala inakufa polepole kama mtu asiyetembelewa. Walikuwa wakiipeleka sokoni, kwa vijana wenye gurupu, mashine ya umeme, wanaochaji simu, na wale waliipa moto mwingi wa umeme kwa haraka, maji yakachemka ndani, batri ikavimba tumbo. Waliua mbili namna hiyo. Ndipo Hervé, mtoto wao aliye Lubumbashi, akatuma batri mpya, pano ndogo ya kunasa umeme wa jua, na kiboksi cheusi kidogo chenye taa. Kiboksi hicho hakilishi batri kwa pupa. Kinainywesha kidogo kidogo. Ikishiba kinaacha, ikisikia njaa kinaendelea. Taa ikiwa nyekundu, batri inakula. Ikiwa kijani, imeshiba.

Hippolyte alikuwa tayari mgonjwa. Alitolewa nje kwenye kiti akamwonyesha mke wake namna ya kuunganisha, mbele ya Muzee Abedi, baba yake mdogo, mkubwa wa ukoo. Walipomaliza akasema, "Baba, uwe shahidi. Ninamuwekesha Faida gari hii kama vile mutu anawekesha mbuzi, mpaka barabara irudi."

Kila mwenye mbuzi anayajua maneno hayo. Katika ukoo wao, mbuzi uliyemwekesha mtu akufugie humwendei kwa kisu. Mfugaji ndiye anayefungua fundo kwa mkono wake. Ukikata kamba, hata mbuzi akiwa wako, umeiba. Na mbuzi akifia kwa mfugaji, nyama inarudi kwa wenyewe.

Hippolyte akafa. Tukamzika upande wa misheni, na wale wa ukoo wake walio Waislamu wakasimama pamoja nasi, kwa kuwa nyumba ile ina msalaba na tasbihi tangu zamani.

Mdogo wake Amuri anakaa Kabambare. Kazi yake ni kuyeyusha alumini na kumimina masufuria, na ni fundi mzuri, sikatai; sufuria ninayopikia fufu ni ya mkono wake. Lakini mtu wa namna hiyo akiangalia Land Rover haoni gari. Alikuja na pikipiki kabla ya matanga kuondolewa, akaizunguka, akaigonga mlango kwa kidole, akasikiliza.

"Shemeji," akasema, "hapa kuna masufuria ya harusi hamsini."

"Na kichwa chako kina masufuria mangapi?" Faida akamwuliza. "Maana nacho kinalia hivyohivyo."

Amuri akacheka. Hakuwa mtu wa hasira. "Wewe unalinda chuma. Kaka amekwenda. Siku ya kuondoa matanga tutakaa na wakubwa, tutaona kama mbuzi wako iko na pumzi."

"Iko na pumzi kuliko pikipiki yako."

Faida akaenda kwenye mpunga. Mimi nilikuwa nikianika mihogo, nikaona Amuri amerudi nyuma ya nyumba, akainama, akasimama, akawasha pikipiki yake akaenda. Nilidhani alikuwa akijisaidia ukutani. Faida aliporudi aliniita. Waya kutoka kwenye pano ulikuwa umekatwa, umening'inia kama mkia, na taa ya kiboksi imezimika.

Nikamwambia alete utepe, tuuunganishe upesi. Akaushika mkono wangu.

"Uache."

"Faida, batri itakufa. Ikifa, gari ni ya Amuri. Hukusikia alivyosema?"

"Kamba iliyokatwa haifungwi mpaka wakubwa waione. Nikiifunga leo, kesho atasema hakuna aliyekata."

"Na mwezi mzima wa mvua mpaka kuondoa matanga? Utailisha nini?"

"Imekula miaka. Mutu aliyeshiba hafi kwa kukosa chakula cha jioni."

Alichukua spana, akalegeza masi, ule waya mnene unaofunga batri kwenye chuma cha mwili wa gari, akautoa, ili pasiwe na kitu cha kuinyonya batri. Akafuta vichwa vya batri kwa kitambaa, akafunga kapo. Waya wa pano akauacha unaning'inia. Nilikasirika naye. Kila nikipita kwenye ua niliangalia ile taa iliyozimika, na yeye hakuitazama hata mara moja. Alipalilia mpunga wake, akaimba kanisani, akakataa kuzungumza habari hiyo.

Siku ya kuondoa matanga watu walijaa. Walikuja wa Lusangi, walikuja wa Kabambare wenye matope mpaka magotini. Baada ya kula, Muzee Abedi akaketi, fimbo katikati ya miguu, akamwambia Amuri aseme neno lake.

Amuri akasimama na heshima zote. "Baba, kaka aliwekesha mbuzi, na mfugaji amejitahidi, hatumlaumu. Lakini mbuzi amekufa. Taa ya kijani haiwaki. Mutu yeyote aende aone. Mbuzi akifa, nyama inarudi kwa wenyewe. Mimi nitaichinja, na kila nyumba ya ukoo itapata sufuria."

Wanawake wakaanza kunong'onezana. Sufuria ni sufuria.

Faida hakusimama. Alisema akiwa ameketi kwenye mkeka wake wa ujane. "Kwanza Baba aone kamba."

Wakamwongoza mzee mpaka nyuma ya nyumba. Aliushika ule waya, akauleta karibu na macho, akapitisha kidole gumba pale ulipokatika.

"Ni panya," Amuri akasema. "Panya wanapenda sana waya."

"Panya wa Kabambare," Faida akasema, "wanatembea na kisu."

Watu wakacheka, hata wale waliotaka sufuria. Muzee Abedi hakucheka. "Panya anatafuna," akasema. "Huyu amekata. Amuri, ni wewe?"

Amuri alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Gari ilikuwa ya kaka yangu, Baba."

"Sikukuuliza ya nani."

Amuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kubishana mpaka mwisho, akasema, "Sawa, nilikata. Lakini sasa amekufa au hakufa? Hilo ndilo neno."

Hapo ndipo Faida aliposimama. Alifunua kapo. Akarudisha masi mahali pake, akaikaza. Akaingia kwenye kiti cha dereva, mjane mwenye kitambaa cheupe kichwani, na nguo yake ikakwama mlangoni, akaivuta ikapasuka kidogo, hakujali. Petroli alikuwa ameinunua asubuhi barabarani, kwenye chupa, kama ya pikipiki, akaimimina.

Alizungusha ufunguo. Moteri ikakohoa, ikanyamaza. Amuri akafungua mdomo. Faida akamtazama kupitia kioo, akamtazama vile bibi yake alivyowatazama wale wenye fimbo, nadhani, ingawa sikuwepo. Akazungusha tena, akashikilia. Ikakohoa ndefu, ikatetemeka, ikanguruma. Moshi mweusi ukajaa chini ya mabati, kuku wakaruka ukuta, na mama mmoja wa Lusangi akaanza kulia, kwa sababu mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari ile.

Faida aliiacha ingurume muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alitaka ukoo wote uisikie, na mtaa, na misheni.

Alipoizima, Muzee Abedi akasema, "Mbuzi iko muzima. Inabaki kwa mufugaji. Aliyekata kamba tunamfanya nini?"

"Anasokota nyingine," wakajibu wakubwa.

"Faida, unasemaje?"

Akashuka, akaingia ndani ya nyumba, akarudi na waya mpya uliokunjwa, ule aliouagiza sokoni siku ileile kamba ilipokatwa, bila kuniambia hata mimi jirani yake. Akamwekea Amuri mkononi.

"Shemeji, wewe ni fundi, mikono yako mizuri. Sitaki sufuria. Utaunganisha wewe, na utakuwa unakuja kutoka Kabambare kila mwezi unaifuta batri vichwa na kuiangalia, mpaka barabara irudi. Nikifa kabla ya barabara, ni wewe utakayefuga. Hapa mbele ya Baba."

Amuri alibaki ameushika waya. "Kila mwezi, na njia ile?"

"Njia ile. Utaipenda barabara kama mimi."

Akainama chini ya kapo, na Faida akasimama nyuma ya mgongo wake akimwonyesha.

"Waya wa pano ufunge kwenye kiboksi, lakini pano yenyewe ifunike na gunia kwanza, isije ikatoa cheche. Sasa kibano chekundu cha kiboksi kwenye plisi, kichwa chenye alama ya kujumlisha. Hapana, ile ni masi, Amuri, unataka kuichoma? Hii. Ibane. Cheusi kipeleke mbali na batri, kwenye chuma kisicho na rangi. Hapo. Vuta uone kama kimeshika. Sasa toa gunia."

Akatoa gunia.

"Unaona taa?"

"Nyekundu."

"Inakula," Faida akasema. "Keti hapo mpaka ishibe."