Nyayo Nje ya Mlango wa Mama Mkwe

Josepha hakutaka makuu kwa mkwe. Alitaka tu usiku alale kama watu wengine. Eliya, mume wa bintiye Magreth, alikuja naye Usoke kusalimia wakati boti anayofanyia kazi huko Mafia imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Mchana hana neno: shikamoo ya heshima, macho chini, chakula hali mbele ya mama mkwe. Giza likiingia, lo!

Nyumba ikishalala, nyayo zinaanza. Taratibu, bila taa. Zinasimama, mlango unalia, kimya. Mtu ananusa. Kisha mlango mwingine. Usiku mmoja Josepha alichungulia, akamwona ameinama juu ya mjukuu wake Advera, uso karibu na mdomo wa mtoto, kama anayemnywa pumzi. Nywele zilimsimama. Jamani, nani hajui watu wa namna hiyo wanafanya nini?

"Ndiyo kazi yake, mama," Magreth alimwambia asubuhi, akicheka. "Wageni wanaokuja kupiga mbizi wanalala humo humo botini, vyumba vya chini. Yeye ndiye mlinzi wa usiku. Anazunguka, ananusa kama kuna moto, anasikiliza kama watu wanapumua. Boti ya jirani yao iliungua abiria wamelala, na mlinzi naye amelala. Tangu hapo hata nyumbani halali."

"Hapa Usoke kuna bahari? Mwanangu, umeolewa na mchawi!"

Mlango mmoja tu Eliya hakuugusa. Chumba cha mama mkwe hakiingiwi, hilo hata mchawi analijua. Basi jioni ile, baridi ya Julai ikiuma, Josepha alimchukua Advera akalale naye. Akaingiza jiko la mkaa, akaziba dirisha kwa kanga, akatia komeo. Aje sasa! Moyo ukatulia.

Alizinduka kichwa kikimgonga. Nyayo zilikuwa zimesimama mlangoni kwake.

"Mama, mbona leo hukoromi?"

Alitaka kupiga kelele, ulimi haukunyanyuka. Miguu haikuwa yake. Ubavuni, Advera alikuwa amelegea.

"Mama, nisamehe," sauti ilisema, na mlango ukavunjika. Kitu kirefu, uso umefungwa kitambaa, kilimnyakua mtoto kikatoweka. Kikarudi. Kikamwinamia yeye, na Josepha akajua amekwisha.

Baridi ya uani ndiyo iliyomrudisha. Advera alikuwa anatapika na kulia, na Josepha hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile. Eliya alikuwa amempa mgongo, maana mama mkwe alikuwa na gauni la kulalia tu. Josepha aliona aibu, aibu ya kutafuta pa kujificha.

Usiku uliofuata fundi alikuwa bado hajaja. Mlangoni palikuwa na pazia tu. Nyayo zikaja, zikasimama nje yake.

"Shikamoo, mama. Mnapumua?"

"Marahaba, baba," Josepha alijibu gizani. "Tunapumua. Zunguka tu."