Beseni Lililochelewa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo sitaisahau hata nikisahau jina langu. Dada yangu Nsimire aliingia kwenye maabara yetu hapa Bukavu akiwa amembeba mgongoni binti mkubwa, kama anavyobebwa mtoto mchanga. Alikuwa ametoka Mumosho kwa mguu. Binti huyo ni Furaha, mama yako mkubwa, huyu anayekushonea mashati. Mama yako, Asifiwe, alikuwa mdogo, amebaki nyumbani na bibi yake, bado anatembea vizuri. Habari hii yote ni ya miguu ya mama yako.

Nakusimulia leo kwa sababu Jumatatu unaanza kazi kwenye maabara. Jana uliniletea simu yako unionyeshe inavyojibu kila kitu, hata kabla mtu hajamaliza kuuliza. Nimefurahi. Lakini usidhani mimi koko wako, bibi yako huyu, ni mshamba. Nilikuwa natafuta majibu ndani ya mashine kabla mama yako hajajua kusoma.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili hapa kwetu. Nilikuwa fundi kijana kwenye maabara ya lishe, tunapima unga, maharage na maziwa ya watoto. Tulikuwa na kompyuta moja na sanduku la CD zilizojaa muhtasari wa makala za wataalamu wa dunia nzima. Unaandika maneno yako kwa Kifaransa, unangoja mashine ikikoroma, halafu makala zinazohusika zinatokea. Barabara zilikuwa zimefungwa, vitabu vyetu vingi vilikuwa vimeporwa, lakini zile CD zilibaki. Nilijivuna nazo kupita kiasi. Nilizifuta vumbi kwa kitambaa changu cha kichwa, na sikupenda mtu mwingine azishike.

Nsimire alimkalisha Furaha kwenye benchi. Miguu yote miwili ilikuwa imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havigusi chini. Mtoto mwenyewe akili yake ilikuwa timamu, anaangalia chupa zetu na kuuliza ni za nini.

"Alilala muzima," dada akasema. "Asubui akaniita, akasema, maman, magulu yangu inakataa."

Sikumwuliza zaidi. Chanjo zilikuwa zimesimama kwa ajili ya vita, basi kichwani mwangu nilishajua ni polio. Nikaandika polio, na mashine ikanipa polio, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamgeukia dada yangu na uso wa mtaalamu, nikaanza kumfundisha.

Mkubwa wetu wa maabara, Papa Byamungu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa mzee mpole sana. Hakuwahi kupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Odette, iyi mashini haikudanganye," akasema. "Uliiuliza polio, inakupa polio. Uiache kwanza. Uulize dada yako."

Akavuta kiti karibu na Nsimire, akamwuliza mwenyewe, taratibu, kama watu wanaoongea baada ya misa. Mtoto alikuwa na homa? Hakuwa nayo. Miguu yote ilishikwa siku moja? Siku moja. Na kwa majirani? Watoto wengine, na mama mmoja anayenyonyesha. Mnakula nini? Hapo Nsimire akacheka kidogo kwa aibu. Bugali ya mihogo na sombe, majani ya mihogo hiyo hiyo, basi. Maharage yaliporwa yakiwa shambani, mbuzi wamekwenda, samaki hawaonekani. Na mihogo yenyewe ni ile michungu, maana ile mitamu wezi wanaing'oa na kuila papo hapo.

"Munailowesha siku ngapi?" Papa Byamungu akauliza.

"Zamani ilikuwa siku tatu, papa, kule chini ku muto Ruzizi. Sasa tunaiacha usiku moja tu, asubui tunaitosha mu mayi. Batu ba bunduki banapita kule. Mwanamuke akienda mara mingi, banamuzoea."

Papa Byamungu aliniangalia tu. Nikaandika upya: miguu miwili, bila homa, mtoto, muhogo. Safari hii majibu yalikuwa machache. Ugonjwa ule una jina, konzo, lililotoka kwa watu wa upande mwingine wa nchi yetu. Muhogo mchungu usiokaa majini vya kutosha hubaki na sumu, na mtu anayeula siku zote bila maharage wala samaki, asubuhi moja miguu inamkatalia. Mtoto hafi kwa ugonjwa huo. Lakini miguu hairudi kama zamani. Nilisoma maneno hayo mara mbili kabla ya kumwambia dada yangu.

Alilia, na mimi nikalia. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge akauliza, "Na Asifiwe?"

Ndiyo, na Asifiwe. Mama yako alikuwa anakula kwenye sahani moja na Furaha.

"Uloweshe siku tatu," nikamwambia haraka, nimefurahi angalau nina kitu cha kumpa. "Siku tatu nzima, kama zamani."

"Sawa," akasema. "Nitarudia kuenda ku mayi."

"Ngoja, maman," Papa Byamungu akasema. Kisha akanigeukia. "Odette, ile jibu iko ya mutu mwenye kukaa kwenye hakuna vita. Unamupa dada yako ya nini?"

Akamwuliza Nsimire kama amejaribu kuiloweka nyumbani.

"Nilijaribu mu sufuria. Mayi yetu ya kule juu iko baridi. Mihogo ilibakia nguvu, ikanuka bure, tukatupa."

"Basi njo swali yetu," mzee akasema. "Namna gani ya kuilowesha mu nyumba na mayi ya baridi. Andika, Odette."

Niliweka vidole kwenye vitufe, na umeme ukakatika.

Haukuwa mkato wa saa moja. Unaijua Bukavu ya leo, basi fikiria ya wakati ule. Jenereta yetu haikuwa na mafuta, na aliyekuwa nayo mjini hakuwa mtu wa kumwomba. Tulimsihi Nsimire angoje kwangu Cimpunda mpaka umeme urudi. Alikuwa anafunga kitenge huku akitusikiliza kwa heshima.

"Batoto banakula kila siku, papa," akasema. "Habangojeye mashini."

Akaniachia Furaha, akashuka peke yake kuelekea Panzi. Nilimwangalia mpaka akapotea kati ya watu.

Wiki zilipita. Kila asubuhi nilibonyeza taa ya maabara kabla sijavua koti. Siku umeme uliporudi, hata salamu sikutoa, niliandika: muhogo, kuloweka, nyumbani, maji baridi. Na jibu lilikuwamo, mwanangu, kwenye CD ile ile niliyokuwa naifuta vumbi. Menya mihogo, ikate vipande vidogo, ifunike yote kwa maji, halafu utie humo vipande vichache vya mihogo iliyokwisha kulainika, au maji yake ya zamani. Hivyo ndivyo vinavyoanzisha kazi ya kulainisha. Vidimbwi vya Ruzizi vinalainisha haraka kwa kuwa vimelowekwa mihogo tangu enzi za bibi zetu; sufuria ya Nsimire ilikuwa mpya na maji yake hayakuwa na kitu. Papa Byamungu alipiga meza kwa kiganja akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu vita ianze.

Nilinunua beseni kubwa jekundu, lenye mfuniko, sokoni Kadutu. Njia ya Mumosho ilikuwa imefungwa. Watu walipoanza kupita tena, nililitia kichwani nikaenda.

Nilipofika, uani kulikuwa na watu wameketi chini, na hakuna aliyeniita jina. Asifiwe alikuwa amesimama mlangoni. Amesimama, mwanangu, kwa miguu yake miwili iliyonyooka! Nilifurahi. Nilifurahi kwanza, na hilo linaniuma mpaka leo, kabla sijaanza kumtafuta dada yangu kati ya wale wanawake walioketi na kumkosa.

Tangu aliporudi kutoka kwangu alikuwa akishuka Ruzizi kila mara, anaacha mihogo siku zake tatu, anarudi kuitoa. Hakupunguza. Mara ya mwisho watu wa bunduki walimkuta akiwa na wenzake wawili. Wenzake walikimbia. Yeye alizikwa jana yake. Watu wale walikuwa wa nani, hakuna aliyejua, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Nilikaa chini na beseni langu mapajani. Nilikuwa na hasira kuliko machozi. Hasira na wale watu, na umeme, na lile jibu lililokuwa limelala ndani ya sanduku wakati wote ule likingoja tu kuulizwa vizuri. Habari ya namna nilivyomwambia Furaha sitakusimulia.

Mama mkwe wa Nsimire alikuja akaweka kikapu mbele yangu. Mmoja wa wale wenzake wawili alikuwa amekimbia nacho bila kujua anakimbia na nini.

"Njo mihogo ya Nsimire," akasema. "Hatujue tuifanye je."

Nikashika kipande kimoja. Kilikuwa laini, kinavunjika kati ya vidole. Kilikuwa kimetimiza siku zake. Nikasimama, nikaomba mihogo mibichi, nikaimenya na kuikata, nikajaza beseni maji baridi ya kisima, nikatia humo vipande vya dada yangu. Wanawake waliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili kwa ajili ya msiba, na sikuwa mbali na hapo. Siku ya tatu, kilio hakijaisha, mihogo yote ilikuwa laini. Jirani mmoja akaja na bakuli kuomba maji yale. Akaja mwingine. Nilipoondoka, karibu kila nyumba ilikuwa na beseni au bidoni, yaani dumu la maji lililokatwa, zote zimeanza na kikapu kimoja, na harufu ilikuwa ya kukimbiza mbwa. Hakuna aliyelalamika. Upande ule hakuna mwanamke aliyeshuka tena Ruzizi kwa ajili ya mihogo mpaka bunduki ziliponyamaza.

Mwanangu, sikukatazi simu yako. Wale walioandika mambo yale kutoka mbali, nisiowajua, wamesaidia watoto wa Mumosho, na ningewapata ningewapikia. Ninachokuomba ni hiki. Kabla hujaiuliza mashine, muulize mwenye shida, ukae chini naye, ujue analala wapi, anachota maji wapi, anaogopa nini. Halafu hayo yote uyatie ndani ya swali lako tangu mara ya kwanza, kwa sababu mara ya pili huenda umeme usiwepo. Na jibu likitokea usishangilie. Mtazame yule uliyemletea, ujiulize kama anaweza kulifanya na kurudi nyumbani salama. Kama hawezi, bado hujapata jibu, endelea kutafuta, na utafute mbio, maana watoto wake wanakula leo.

Mungu akulinde njiani na kazini. Akupe wakubwa kama Papa Byamungu, watakaokurekebisha bila kukuvunja. Akuepushe na jibu linalofika kwenye kilio. Nsimire, ambaye hukumwona, akuombee huko aliko.

Sasa nenda mezani, bugali inapoa. Usiogope kuila. Mihogo yake ilikaa siku tatu majini, mama yako hajawahi kupunguza hata moja.