Jina Lake Katika Kompyuta Arobaini na Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, na fundi tayari amepiga magoti chini ya meza ya watu. Zinaonekana soli za viatu vyake tu, na mkono mmoja unaopapasa sakafuni ukitafuta skrubu. Katibu muhtasi wa ofisi hii ya uwakala wa mizigo amesimama pembeni na kikombe cha chai, anamsubiri atoke ili amlalamikie vizuri.

"Fundi, barua yangu jana ilikuwa ukurasa mmoja. Leo imekuwa miwili. Nimefanya nini mimi?"

"Hujafanya kitu, mama. Maandishi yamenenepa tu. Nitayapunguza."

"Na kile kitufe cha kuhifadhi? Kilikuwa hapa juu, kushoto. Mmekipeleka wapi?"

"Kipo. Kimesogea kidogo."

"Kila kitu kimesogea kidogo," anasema katibu muhtasi, na anajiondokea.

Fundi anatoka chini ya meza, anajifuta vumbi magotini, anavuta kiti. Ana umri wa miaka arobaini na miwili na macho mekundu ya mtu asiyelala vya kutosha. Kazi anayoifanya hapa hailipwi hata senti. Anaondoa programu alizoziweka yeye mwenyewe miaka sita iliyopita, na mahali pake anaweka programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kumgawia jirani bila kuvunja sheria. Hii ni mara ya tatu anarudi katika ofisi hii, kwa sababu ya barua ileile.

"Zamani nikiingia mahali watu wanachangamka," anasema. "Siku hizi wakiniona wanaguna."

Mtaani anaitwa Chapchap. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye alikuwa anaitwa kompyuta ikigoma, na kweli, alikuwa anafika chapchap. Ukinunua kompyuta mpya isiyo na kitu ndani, anakuja na flashi yake mfukoni, nusu saa kazi imekwisha: programu ya kuandikia, ya hesabu, ya kuchorea. Zote zilikuwa za kuvunja, yaani makufuli yake yamefunguliwa kwa hila ili zifanye kazi bila leseni. Alitoza bei ya chakula cha mchana, na kwa siku alihudumia wateja watano au sita.

"Wengi hawakujua kwamba programu inauzwa," anasema. "Walijua inawekwa."

Hapo angeweza kujificha kama walivyojificha mafundi wenzake. Lakini alijichongea mwenyewe, na alijichongea kwa majivuno. Programu hizo, kabla hazijaanza kazi, huuliza jina la mwenye kompyuta. Wenzake waliandika herufi zozote zilizokuja mkononi. Yeye aliandika: Fundi Chapchap, na namba ya simu mbele yake. Kila mahali. Ukimuuliza leo kwa nini, anacheka kidogo halafu anaacha katikati.

"Nilikuwa najitangaza. Nilisema mtu akikwama, ataona namba yangu palepale."

Mapema mwaka huu wakaguzi wa leseni walipita mtaani pamoja na wakili wa kampuni zinazomiliki programu hizo. Ofisi ya kwanza waliona jina la Chapchap. Ya pili, Chapchap. Duka la vipuri, Chapchap. Hadi jioni walikuwa wamelikuta katika kompyuta arobaini na tatu, sehemu kumi na tisa. Hawakuhitaji kumtafuta.

"Mkaguzi alinipigia kwa namba ileile. Nikadhani ni mteja. Nikamwambia, usiguse kitu, nakuja sasa hivi!"

Alikwenda kweli, na flashi mfukoni. Jamani.

Hawakumfikisha mahakamani moja kwa moja. Walimpa karatasi ya ahadi na siku tisini. Aondoe programu zote alizoziweka, na kila mwenye kompyuta atie saini kuthibitisha kwamba yake ni safi. Baada ya hapo wakaguzi watarudi. Wakikuta hata kompyuta moja ina programu ya kuvunja, au saini moja haipo, kesi inafunguliwa kwa zote arobaini na tatu, na wakili alimweleza bila kupepesa macho kwamba kesi ya namna hiyo inaweza kumpeleka jela. Ana mke na mabinti wawili.

Sasa zimebaki siku kumi na moja. Wenye ofisi kumi na wanane wameshatia saini, wengine kwa matusi, mmoja baada ya kumsimamisha nje saa nzima. Amebaki mmoja tu ambaye hataki hata kuiona karatasi hiyo. Huyo ni dada yake wa kuzaliwa naye tumbo moja.

Dada ana chumba kimoja cha biashara, dirisha moja na mashine moja ya kudarizi yenye sindano sita. Hudarizi nembo za shule kwenye sweta. Mashine ikifanya kazi, meza yote inatetemeka na mtu analazimika kupaza sauti. Sweta zimepangwa kwa rangi hadi karibu na dari.

Chapchap ndiye aliyemshawishi aachane na cherehani ya kukanyaga na kuingia kwenye kazi hii. Siku ya kufungua duka, mbele ya wageni, alimpa zawadi: programu ya kuchorea nembo kabla hazijapelekwa kwenye mashine. Leseni yake halali ilikuwa sawa na kodi ya chumba hiki kwa miezi kumi na minne.

"Alisimama palepale ulipoketi wewe," dada anamwambia mwandishi wa makala haya. "Akasema, dada, hii nakupa bure. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga."

Kwa miaka kumi na mmoja alichora nembo mia mbili na kumi na nne. Siku ya ukaguzi kompyuta yake iliunganishwa na intaneti, programu ikagundua kwamba leseni yake si ya kweli, ikajifunga. Michoro yote imo humo, lakini hakuna programu nyingine inayoweza kuifungua.

"Nayaona majina yake. Shule hii, shule ile. Nikibonyeza, hakuna kitu. Ni kama kufungiwa nje ya nyumba yako huku unaona taa inawaka ndani."

Alimwomba mdogo wake jambo moja: avunje kufuli tena, kwa siku moja tu, atoe michoro yake, kisha afute kila kitu. Shule zinafunguliwa baada ya wiki tano, na huu ndio msimu unaomlisha mwaka mzima.

Chapchap anasema angeweza. "Dakika kumi. Najua pa kugusa hata nikiwa nimefumba macho." Lakini programu ile sasa ikivunjwa huacha alama, na ameshatia saini kwamba hatavunja tena. Alikataa.

Tangu siku hiyo wanaishi kama wapangaji waliogombana. Alasiri fundi huja dukani na kuketi kwenye kompyuta ya pili, ndogo, aliyoileta kutoka kwake. Dada humpitishia maneno kupitia mumewe, ambaye huketi mlangoni akikata nyuzi zilizobaki kwenye sweta.

"Mume wangu, mwambie fundi chai ipo mezani."

"Shemeji, chai ipo mezani."

"Mwambie asante."

"Anasema asante."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," anasema dada.

Shemeji anamwangalia mwandishi, anainua mabega. "Mimi hapa ni simu," anasema.

Ukimpa dada nafasi ya kusema, husema. "Mimi sikuvunja kufuli la mtu. Niliwekewa. Leo aliyeniwekea amekuwa mtakatifu, na utakatifu wake unalipiwa kwa jasho langu. Mimi inaniuma. Inaniuma sana, sitaki kudanganya."

Chapchap anasikia yote, mgongo umegeuka. Anachofanya ni kuzichora nembo upya, moja baada ya nyingine, kwa programu huria ya kudarizi. Alizunguka shuleni kuomba sweta kuukuu, akazipiga picha, sasa anafuata mshono kwa mshono. Nembo moja humla saa tatu, nyingine tano. Programu hiyo haina makosa, ila vidole vya dada na vyake vilizoea nyingine, na kila njia ya mkato waliyoijua hapa inakwenda kwingine. Amemaliza hamsini na nane. Katika hizo, simba wa shule moja alitoka kama paka mwenye homa, na mkuu wa shule akamrudisha.

"Nimechoka," anasema, kama mtu anayetaja umri wake. "Asubuhi nasafisha ofisi za watu, alasiri nachora. Wateja wa kulipa siku hizi ni mmoja kwa siku, siku nyingine hakuna. Mke wangu anauza maandazi, ndiyo tunakula. Na ukiniuliza nimeonewa, nitasema hapana. Nilikuwa najua. Kuna watu waliketi wakaitengeneza ile programu, na mimi nikaigawa kama karanga."

Alasiri ya siku ambayo mwandishi alikuwepo, mambo yaligeuka, na yaligeuka bila kelele. Dada alisimamisha mashine ili abadilishe uzi. Akasema, safari hii bila kupitia mumewe, kwamba juzi alimwita fundi mwingine.

Chapchap akageuka.

"Nilimwita mimi mwenyewe, nikamwambia avunje," dada akaendelea, macho yake kwenye tundu la sindano. "Wewe ulikuwa ofisi ya mizigo. Akachomeka flashi yake. Akaniambia, mama, dakika tano tu utaona michoro yako. Nikakaa hapo pembeni yake. Halafu nikamwambia chomoa."

"Kwa nini, dada?"

"Kwani wakaguzi wakirudi watamtafuta yeye?" Akauvuta uzi. "Yeye atakuwa kwake anakula. Watakuja kukuchukua wewe. Nikamlipa nauli, akaenda zake, nikafunga mlango nikalia. Basi. Lete hiyo karatasi yako kabla sijabadili mawazo."

Shemeji aliacha kukata nyuzi. Chapchap hakwenda kuchukua karatasi mara moja. Alimshika dada yake bega, akasema samahani, na akasema tena. Dada akamwambia aache, atamliza na machozi yataangukia uzi mweupe.

Kwanza Chapchap alinakili michoro yote mia mbili na kumi na nne kwenye diski. Alimweleza dada kwamba wapo watu wanaojitolea, wanaandika njia ya kufungua michoro ya aina hiyo kwa programu huria. Huenda ikawa mwaka huu, huenda isiwe. Kisha akaifuta programu ile mbele yake. Dada aliangalia hadi mwisho, kiganja mdomoni. Ndipo akatia saini, kwa herufi kubwa, akarudisha kalamu.

Zimebaki nembo mia moja hamsini na sita. Chapchap anasema hazitakwisha kabla shule hazijafunguliwa, kwa hiyo wamechagua arobaini za shule zenye wanafunzi wengi. Wakaguzi wakishapita, anataka kuzifuata ofisi zilezile kumi na tisa na kuziomba zimpe kazi ya kulipwa, awafundishe wafanyakazi kutumia programu huria hadi waache kulalamika. Wawili wamemwambia atafikiriwa. Katibu muhtasi wa mizigo alimwambia asithubutu kukanyaga tena pale, kisha akamuuliza atakuja lini.

"Sitaki utajiri," anasema. "Nataka kuingia ofisini kwa mtu bila moyo kunidunda."

Anarudi kwenye kompyuta ndogo na kuanza nembo ya hamsini na tisa, ngao yenye kitabu kilichofunguliwa. Anamwonyesha dada jinsi ya kuelekeza mishono ili kurasa zisijikunje. Anaeleza mara moja, anaeleza mara ya pili, na katikati ya mara ya tatu sauti inapotea. Kichwa kimeegemea ukuta, mkono ungali juu ya kipanya.

Nyuma yao mashine, iliyowashwa tena, inaendelea kunguruma na kutikisa meza. Dada anaizima. Sweta thelathini zinatakiwa saa kumi, na mwenye nazo ameshafika mlangoni na mfuko wake. Dada anamwendea kwa kunyata, anamwambia kwa sauti ya chini arudi kesho. Yule anataka kubisha, anamwona aliyelala, anaondoka.

Kisha dada anautoa mkono wa mdogo wake juu ya kipanya, taratibu, anauweka pajani pake. Anavuta kigoda, anaketi, na anaendelea kuchora pale alipoachia.