Misumari Arobaini na Mmoja

Nyumba ya Bibi Misumari ilikuwa na kila kasoro ambayo nyumba inaweza kuwa nayo bila kuanguka. Bati lilivuja, sakafu ilikuwa na mabonde, na mlango wa mbele haukuwahi kufungwa kwa ufunguo tangu mazishi ya mumewe. Mlango wa uani nao ulitokea barabara ya pili, kwa hiyo nusu ya mtaa ilikatiza katikati ya nyumba kana kwamba korido ile imejengwa na serikali. Walipita wakisalimia, walipita wakiomba chumvi. Wengine walipita kimya bila kuomba kitu, na hao Bibi aliwahesabu kuwa watu wenye adabu.

Hazina ya nyumba ilikuwa ukuta wa kulia wa hiyo korido. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa vitasa. Kila alipofunga kitasa mtaani, alibaki na ufunguo mmoja wa akiba kwa ajili ya siku mwenyewe atakapopoteza wake, na mtaa ule ulikuwa na kipaji cha kupoteza. Alipofariki, watu hawakuja kuchukua funguo zao. Walileta nyingine. Zikawa arobaini na moja, kila mmoja na msumari wake.

Hakuna hata mmoja ulioandikwa jina. Fundi alishikilia kwamba ufunguo wenye jina ni barua ya mwaliko kwa mwizi. Badala yake aliipanga misumari kama nyumba zilivyosimama: safu ya juu barabara ya mbele, safu ya kati barabara ya nyuma, safu ya chini vichochoro. Kila mtu alijua msumari wake tu; ramani nzima ilikuwa kichwani mwa Bibi peke yake. Mtoto wa jicho alipoanza kumfanya awaone majirani kama vivuli vinavyodai chumvi, ukuta haukumsumbua. Alipeleka mkono tu, na mkono ukafika.

Sasa, Bibi alikuwa na mwana, kifungua mimba wake, ofisa wa mipango. Mtu wa mipango haoni kitu kilichojipanga chenyewe bila kutamani kukipanga upya. Yeye aliishi ghorofa ya sita katika jengo tulivu sana, ambamo hakuna aliyemjua mwenzake. Mwaka uliopita alipoteza ufunguo wa nyumba yake akakaa kwenye ngazi tangu adhuhuri mpaka mkewe aliporudi kazini. Majirani walimruka kwa heshima. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe, tena kwa fahari, kuonyesha jinsi watu wa kwake wasivyoingilia mambo ya mtu.

Kila Jumapili alikuja na hoja ileile: mtu asiyeona vizuri hawezi kukaa peke yake, nyumba iuzwe, Mama ahamie kwake. Hoja ilikuwa nzito na Bibi aliujua uzito wake, maana mwezi huo alikuwa ameanguka uani mara mbili na kuwasingizia kuku. Akajibu, "Nitafikiri." Mwana, kwa elimu yake yote, akasikia ndiyo. Akamtafuta mnunuzi, akamwambia aje Jumamosi saa tisa alasiri.

Jumamosi asubuhi mkwe alimpeleka Bibi kliniki ya macho. Huku nyuma, mwana na mpaka rangi mmoja wakaifanyia nyumba hisani. Waliing'oa misumari yote, wakaziba matundu, wakaupaka ukuta rangi nyeupe mpaka ukang'aa kama meno ya kuazima. Funguo walizitupia kwenye ndoo.

Bibi alirudi saa sita. Aliingia, akanyoosha mkono kushika ukuta kama kila siku, mkono ukarudi mweupe.

"Mwanangu," alisema, "mtaa umeuweka wapi?"

"Mtaa gani, Mama?"

"Uliokuwa hapa ukutani."

"Ahaa, zile funguo. Zimo kwenye ndoo. Usijali, nimezihesabu, haujapotea hata mmoja."

Bibi akasema ahsante. Waliomfahamu waliiogopa ahsante yake kuliko matusi ya wengine, lakini mwana alikuwa amekaa ghorofani muda mrefu.

Haikupita nusu saa, akaingia mwalimu mstaafu wa barabara ya nyuma, aliyemfundisha mwana huyo hesabu darasa la pili. Alikuwa ametoka kumwaga taka, upepo ukaufunga mlango kwa nguvu, ufunguo umo ndani, na sufuria iko jikoni juu ya moto. Alipeleka mkono kwenye msumari wa nne, safu ya kati. Naye akapata rangi.

Mwana akamwaga ndoo sakafuni. Akapendekeza wazijaribu mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu.

"Sufuria yangu haina utaratibu," alisema mwalimu. "Na wewe nilikufundisha kupanga vitu mafungu mafungu. Sijui siku hiyo ulikuwa wapi."

Bibi alikaa chini akazivutia funguo mapajani. Hapo ndipo alipoogopa. Miaka yote hiyo alijua mahali pa kila ufunguo, hakuwahi kulazimika kuujua wenyewe. Akishindwa leo, mbele ya watu, mwana atakuwa amesema kweli, na mwisho wa mwezi utamkuta ghorofa ya sita anasikiliza utulivu.

Akazipapasa. Akakumbuka kwamba ufunguo wa kwanza wa mwalimu ulivunjika, na marehemu alichonga mwingine haraka haraka, shingo yake akaiacha na makwaruzo. Akatoa mbili zenye makwaruzo.

"Kama si huu ni huu," alisema.

Haukuwa huu, ulikuwa huu. Sufuria iliokolewa, yaliyomo hayakuokolewa.

Habari zikaenea kwa kasi ambayo mtaa ule huiweka akiba kwa ajili ya mambo yasiyouhusu, na hili liliuhusu. Kila mtu akaja kuhakikisha ufunguo wake. Bibi akapapasa, wenyewe wakaenda kujaribu, wakazirudisha. Alikosea kwa watu watatu, akawaambia wabadilishane wenyewe kwa wenyewe, kwani wana midomo. Saa tisa mnunuzi alipofika, alikuta foleni imejaa korido, na mama mmoja akamwonyesha kwa upole mahali mstari unapoishia.

Mwana akamtoa kwenye foleni, akamtembeza. Mnunuzi aliusifu weupe wa ukuta, kisha akauliza jambo la kawaida kabisa: ufunguo wa mlango wa mbele uko wapi?

Mwana akatazama ndoo. Ilikuwa tupu. Nyumba iliyotunza funguo za watu wote haikuwa na wake.

"Uko kwa kinyozi," alisema Bibi bila kuinua kichwa.

Mwana akamfuata kinyozi ng'ambo ya barabara, akamkuta na mteja aliyenyolewa nusu. Alikiri anao, nyuma ya kioo, tangu marehemu alipomkabidhi. Ila alikabidhiwa kwa sharti: atampa mke wa marehemu, akiuomba kwa kinywa chake.

"Mimi ni mwanawe," alisema mwana.

"Najua, mdogo wangu. Nilikunyoa ulipokuwa na chawa. Mama ameuomba?"

Mteja wa nusu kichwa akacheka. Mwana akavuka tena barabara na masikio yake yanawaka, akasimama mbele ya mama yake na ya foleni nzima.

"Mama, uombe huo ufunguo."

Hata waliokuwa wanakatiza tu wakasimama.

"Nilisema nitafikiri," alisema Bibi. "Nimefikiri. Siuombi."

Mnunuzi angeweza kusema kwamba kitasa hubadilishwa kwa nusu saa. Lakini aliwatazama watu ishirini waliosimama ndani ya korido aliyodhani itakuwa yake, hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya kuhama, akatazama saa, akakumbuka miadi. Aliondoka kupitia uani. Hata yeye, kwa dakika chache tu, alikuwa ameshajifunza njia ya mkato.

Jioni ile ofisa wa mipango alishika nyundo. Bibi alikaa kwenye kigoda akimwelekeza kwa kidole: juu kidogo, kushoto, hapo, huyo ni mwalimu. Alipigilia misumari arobaini na mmoja kwenye rangi mbichi, akajipiga kidole mara nne, na mtaa ukarudi mahali pake ukiwa na madoa meupe. Kuhusu kuanguka uani walipatana: mwana angesawazisha sakafu mpaka uani, maana kusawazisha anapenda.

Alipomaliza, Bibi akanyoosha kiganja.

"Na wako?"

"Wangu upi, Mama?"

"Wa ghorofani. Au umeshapata jirani wa kukuruka vizuri zaidi?"

Mwana akauchomoa ufunguo mmoja kutoka kwenye kishikio chake, akampa. Bibi akamwagiza apigilie msumari wa arobaini na mbili, safu ya chini kabisa, mwisho, karibu na mlango wa choo. Huko ndiko wageni huanzia.