Jembe Lililomngoja Nesi Sabina

Betri za redio zilizoanikwa juani zina harufu yake, ya bati la moto na chumvi kidogo, na hata leo ikinipitia puani machozi hunilenga kabla sijajua kwa nini. Tulikuwa tukikaa Bukoto, Kampala, vyumba viwili vya kupanga, miaka ile ya mwanzo baada ya vita. Baba alikuwa ametoka Kenya kuja kuoka mikate, na umeme ulitutembelea kama mgeni asiyependa ugali: unachungulia, unaondoka. Kwa hiyo redio yetu iliishi kwa betri, na betri ziliishi kwa jua. Baba alizipanga juu ya paa asubuhi, na ikifika saa kumi za Jumapili zilikuwa zimepata uhai wa kutosha kutuletea mchezo wa redio kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa Kiswahili chetu wenyewe. Humo alikuwamo nesi mmoja, Sabina, aliyezalisha wanawake kwa mwanga wa kibatari na kumkaripia daktari mlevi bila sauti kutetemeka. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilishaamua kwamba nikikua nitakuwa yeye, hata sauti yake nilishaichukua, nikawa nawakaripia kuku.

Jumapili moja, mvua za kupanda zikiwa zimeanza, Sabina akafa. Homa aliyowatibu wengine ilimgeukia, akaaga kwa maneno matatu, kinanda kikalia, kipindi kikaisha. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa siku hiyo alikuwa mama yangu. Alipiga ukemi, na nina hakika kunguru wa kilima cha Naguru walihama wote, wengine hawajarudi. Mimi nikadakia, wadogo zangu wakadakia, na hata baba akatoka nje kuangalia kama paa linavuja, ingawa mvua haikuwa inanyesha.

Ukemi ule ukamleta mwenye nyumba wetu, mama wa Kiganda aliyeitwa na wote Nalongo, jina la heshima la mwanamke aliyezaa mapacha. Alisimama mlangoni na unga mikononi. "Nani nakufa?" akauliza kwa Kiswahili chake cha Kampala.

Mama aliendelea kulia. Nikajibu mimi. "Sabina."

"Sabina gani?"

"Nesi. Amekufa kwa homa."

Yote hayo yalikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Nalongo akaziba mdomo kwa mkono wake wa unga, akageuka, na mimi nikamwacha aende, kwa sababu kuulizwa habari za msiba kuna utamu wake kwa mtoto wa miaka tisa. Kabla jua halijatua, kuni zilikuwa zimerundikwa mlangoni kwetu pamoja na mkungu wa matoke mrefu kuliko mimi, na Nalongo alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kutoa amri ya desturi ya kwao: marehemu akiwa hajazikwa, hakuna mtu wa kushika jembe. "Kesho hapana mutu kurima," alisema, na majembe ya kiambo kizima yakatundikwa ukutani.

Mama alipoelewa, alikaa chini kama gunia lililokatwa kamba. Nalongo alikuwa na Kato, mmoja wa wale mapacha wake, aliyechukuliwa wakati wa vita asirudi, wala mwili wake haukuonekana. Alishawalilia wafu wa watu wengine wote wa mtaa, wa kwake hakuwahi kumzika. "Umemchezea mfiwa," mama akaniambia. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Na upige magoti."

Kutoka mlango wetu hadi wake ni hatua kumi na mbili. Asubuhi iliyofuata zilikuwa safari ya kwenda Kakamega, kule Kenya, kwa miguu. Nilimkuta anamenya matoke, nikapiga magoti. "Nalongo, Sabina ni mtu wa redio."

"Alikuwa anasoma habari?"

"Hapana. Wa mchezo. Ametungwa tu. Hayupo."

Kisu kikasimama. Nilihesabu makosa yangu yote tangu kuzaliwa, nikayaona hayatoshi hata robo ya hili. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko kilichomlaza chali juu ya maganda. "Banange, jamani," alisema akifuta macho. "Mimi naria usiku mzima kwa mutu ya ndani ya ledio." Lakini alipokaa tena, uso wake ulikuwa umetulia. "Na bamemuzika?"

"Bado. Labda Jumapili."

"Machozi irishatoka, hapana rudi," akasema. "Mutu hajazikwa. Hapana kurima."

Basi wiki nzima mvua ikanyesha, mbegu za maharage zikakaa kwenye ungo, na magugu yakapanda hadi, naapa, kiunoni mwa baba. Jua halikuonekana hata la kukaushia leso, sembuse betri. Mama akazipanga pembeni mwa sigiri ya makaa, juu ya kifuniko, akizigeuza kama chapati. Jumapili kiambo kizima kikajaa chumbani kwetu, Nalongo mbele, amevaa gomesi, vazi la heshima la Kiganda, na kujifunga kitambaa cha gome la mti kiunoni kama mazikoni kweli. Redio ikaanza kwa sauti ya mbu. Baba akaipiga kofi, akaishika kifuani kuipasha moto. Padri wa mchezoni akaomba. Tukasikia udongo ukianguka juu ya jeneza, koleo la kwanza, la pili, la tatu, kisha redio ikanyamaza kabisa.

Katika kimya kile Nalongo akasema polepole, "Kato." Akalia, na sisi tukamwacha alie. Kifo cha wengi harusi, wanasema. Sijui kuhusu harusi, ila siku ile tuliyala matoke yale yote. Jumatatu alfajiri nilimsikia Nalongo anaimba nyuma ya nyumba, na jembe lake likiingia kwenye udongo laini.

Leo ni mtu mzima, nina cheti cha shule ya jioni, na tamthilia nazitazama kwenye simu, vidude masikioni, kila mtu nyumbani na marehemu wake. Unalia peke yako basini, jirani anadhani ni mafua. Nakaa ghorofa ya tatu Bukoto ileile, sina shamba wala jembe. Ila wiki iliyopita walimuua mama mmoja niliyekuwa nimemzoea, kipindi kikakatika hapohapo, na mume wangu akarudi akakuta vyombo vimejaa kwenye sinki hadi juu. Akauliza kuna nini.

"Hajazikwa bado," nikamwambia.

Akanitazama, akavua koti, akakaa kando yangu, na akaomba kidude kimoja cha sikio.